Kutoka Bustanini hadi Maabarani: Matayarisho ya Sampuli za Mimea kwa Kupima Metali Haba

1. Utangulizi

Mji wa Lubumbashi uliwekwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri lake la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Kwa miongo mingi moshi wa tanuri hilo ulisukumwa na pepo za kusini-mashariki, na vumbi lake likatua juu ya mitaa, mashamba na bustani zilizo upande wa kaskazini-magharibi. Katika mtaa wa Penga Penga, ulio kwenye njia ya moshi huo, sehemu nyingi za ardhi zimepoteza majani yake ya asili, na udongo umejaa shaba, zinki, risasi, kadimi na kobalti. Hata hivyo watu wanaishi humo, na pale panapowezekana wanalima. Lengalenga, matembele na sombe hukatwa mapema asubuhi, hupelekwa sokoni, na jioni huwa kitoweo cha bukari katika nyumba nyingi.

Swali linalozuka ni jepesi kulitamka: je, mboga hizo zina metali kiasi gani? Jibu lake ni tarakimu, na tarakimu hiyo ina uzito katika maisha ya watu. Ikiwa kubwa mno kuliko ukweli, mama anayewalea watoto wake kwa bustani ndogo anaweza kuambiwa aiache bila sababu. Ikiwa ndogo mno, sumu itaendelea kuingia chunguni huku kila mtu akiwa na amani. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Lubumbashi na Leuven walichapisha matokeo ya kupima mikojo ya wakazi wa Katanga waishio karibu na migodi na matanuri. Matokeo hayo yalionyesha viwango vikubwa vya kobalti na vya metali nyingine mwilini mwao. Tangu hapo haikuwezekana tena kulichukulia swali la chakula na vumbi kuwa ni la wataalamu peke yao.

Watu wengi hudhani kwamba ukweli wa kipimo hutegemea mashine. Kwa hakika, mashine hupima kile tu inachopewa, na huchukua dakika chache. Sehemu kubwa ya makosa huingia kabla yake: shambani, ndani ya mfuko, chini ya bomba la maji, kinuni na katika chupa ya asidi. Makala haya yanakusudia kueleza hatua hizo moja baada ya nyingine, na sababu ya kila moja.

2. Maneno machache juu ya istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa kubainisha maneno. «Madini» ni jina pana: hutaja mawe yachimbwayo pamoja na vitu vipatikanavyo ndani yake. «Metali» ni jina finyu zaidi, nalo hutaja elementi kama shaba, chuma, zinki au risasi. Malakiti, lile jiwe la kijani kibichi lijulikanalo sana Katanga, ni madini. Shaba iliyomo ndani yake ni metali.

Metali zinazopatikana katika mmea kwa kiasi kidogo sana, yaani kwa miligramu chache au makumi machache katika kilo moja ya majani makavu, zinaitwa hapa «metali haba». Neno «haba» linafaa kwa sababu mbili. Kwanza lataja uchache. Pili, kila msemaji wa Kiswahili akilisikia hukumbuka kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hivyo ndivyo kadimi na risasi zinavyofanya mwilini: huingia kidogo kidogo, hutoka polepole, na mwishowe hujaa.

Baadhi ya metali haba ni za lazima. Mmea usio na shaba, zinki au manganizi hudhoofika, na binadamu vilevile. Nyingine, kama risasi na kadimi, hazina faida ijulikanayo kwa mwili wa mtu. Jani la kawaida lililoota katika udongo wa kawaida huwa na shaba kati ya miligramu 5 na 20 hivi katika kilo moja ya uzito mkavu. Tarakimu hii ndogo ikumbukwe, kwani ndiyo inayoeleza kwa nini uchafu mdogo usioonekana kwa macho waweza kuharibu kazi yote.

Neno «shaba» lenyewe lahitaji uangalifu. Katika usemi wa kila siku laweza kutaja shaba safi, na pia ule mchanganyiko wa shaba na zinki ambao hutengenezewa mabomba, vitasa na kinu za kifamasia. Hali kadhalika, watu wengi huita bati kila kipande cha kuezekea nyumba, ingawa kwa kawaida kipande hicho ni chuma kilichopakwa zinki. Mtafiti anayetaka kupima shaba na zinki hana budi kujua vitu hivyo vimeundwa kwa nini hasa, maana vyote viko karibu na mikono yake.

3. Swali hutangulia sampuli

Hakuna njia moja ya kutayarisha sampuli ifaayo kwa kila kusudi. Anayeuliza mtu anakula metali kiasi gani atachuma sehemu inayoliwa tu, yaani majani na machipukizi ya lengalenga bila mizizi, na ataiosha kama mpishi anavyoiosha. Anayeuliza mmea umenyonya nini kutoka udongoni ataosha kwa bidii zaidi, ili abakize kile tu kilichomo ndani ya jani. Anayetaka kujua vumbi kiasi gani linatua juu ya majani ataigawa sampuli mafungu mawili, moja aliache bila kuoshwa, na jingine alioshe. Maswali hayo matatu yana majibu matatu tofauti, hata kama bustani ni ileile na siku ni ileile.

Baada ya swali kuwekwa wazi, huja uchaguzi wa mimea. Mmea mmoja hauwezi kusema kwa niaba ya bustani nzima, kwani udongo hutofautiana hatua kwa hatua. Kwa hiyo huchumwa mimea 10 hadi 20 iliyotawanyika katika kitalu kimoja, na majani yake huchanganywa kuwa sampuli moja. Majani yawe ya rika moja, maana jani kuukuu limekaa muda mrefu zaidi juani na vumbini, na metali nyingine hulundikana ndani yake kadiri linavyozeeka. Majani yaliyoliwa na wadudu au yaliyogusa ardhi huachwa, isipokuwa kama hayo nayo huuzwa sokoni.

Majira nayo yana uzito. Mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi cha Katanga, barabara za udongo hutoa vumbi kila gari lipitapo, na mvua ya kuosha majani haipo. Mwezi wa Januari mvua hunyesha karibu kila siku, lakini matone yake makubwa hurusha udongo hadi juu ya mboga fupi. Mtafiti anayelinganisha lengalenga la Agosti na la Januari bila kuandika tarehe analinganisha hali mbili za hewa huku akidhani analinganisha bustani mbili.

Kando ya mimea huchukuliwa udongo wa mahali hapohapo, kwa kawaida ule wa sentimeta 20 za juu, ambamo mizizi mingi ya mboga huishi. Bila udongo huo, tarakimu ya jani haina kitu cha kulinganishwa nacho.

Vifaa vya kuchumia visiwe na metali inayotafutwa. Ndoo na vyombo vilivyopakwa zinki havifai kazi ya kupima zinki. Kisu cha chuma kisichoota kutu kina kromi na nikeli. Chaweza kutumika kwa shaba na risasi, lakini si kwa nikeli na kromi zenyewe. Kisu cha plastiki ngumu au cha kauri ni salama zaidi. Pete na bangili huvuliwa. Glavu zenye unga ndani ziepukwe, kwani unga huo mara nyingi una zinki. Sampuli huwekwa katika mfuko safi wa karatasi, ambao huiacha ipumue, au katika mfuko wa plastiki ikiwa itafika maabarani siku hiyohiyo. Jina la sampuli huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa unyevu, na sampuli isiyo na jina haina faida yoyote.

4. Kuosha

Hatua hii ndiyo yenye mabishano mengi, na historia ya mimea ya Katanga inaonyesha sababu yake. Tangu miaka ya 1950 wataalamu walivutiwa na mimea iotayo juu ya vilima vya shaba, mahali ambapo miti ya msitu haithubutu kuota. Paul Duvigneaud alieleza mimea ya shaba na ya kobalti, na baadaye Robert Brooks na François Malaisse walikusanya maarifa hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1985. Mmea mmojawapo, Haumaniastrum katangense, uliitwa ua la shaba. Huota hata mahali palipokuwa na matanuri ya wahunzi wa kale, na kwa hiyo umewasaidia wachunguzi wa mambo ya kale kuyatambua. Ilisemekana kwamba mingi ya mimea hiyo hukusanya shaba na kobalti majanini kupita miligramu 1,000 kwa kilo, jambo la ajabu kabisa.

Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha na Pierre Meerts walirudi kwenye swali hilo katika jarida la Plant and Soil. Walipima tena mimea iliyosifiwa hivyo, wakichunguza hasa athari ya kuosha. Ilionekana kwamba kuosha kulipunguza viwango, na kwamba tarakimu nyingi zilikuwa chini ya zile zilizochapishwa zamani. Sehemu ya shaba iliyohesabiwa kuwa ya mmea ilikuwa ya vumbi lililoushika mmea. Ustahimilivu wa mimea hiyo haukukanushwa, kwani inaishi mahali ambapo mingine hufa. Kilichopungua ni hesabu ya kile kilichomo ndani ya jani.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha jinsi jambo hili linavyotokea. Tuseme jani lina shaba yake halisi ya miligramu 15 kwa kilo, na udongo wa jirani una miligramu 5,000 kwa kilo. Ikiwa vumbi lililoshika jani ni asilimia moja tu ya uzito wake mkavu, vumbi hilo litaleta miligramu 50, na mashine itaonyesha karibu 65. Jani la kawaida limegeuka kuwa jani la kutisha. Udongo ukiwa na miligramu 20,000, kama ilivyo juu ya vilima vya shaba, na vumbi likiwa asilimia mbili, nyongeza ni miligramu 400. Tangu mwaka 2013 wataalamu wengi hutumia mpaka wa miligramu 300 kwa shaba na kobalti ili kuutambua mmea ukusanyao metali kupita kiasi. Kwa hiyo mmea usiokusanya chochote waweza kuuvuka mpaka huo kwa uchafu tu.

Uoshaji wenyewe hufanywa mapema, kabla jani halijanyauka, kwa sababu jani lililonyauka hushika vumbi katika mikunjo yake. Kwanza hutumika maji safi ya bomba ili kuondoa udongo mwingi. Kisha majani hutikiswa kwa muda mfupi katika maji yenye sabuni kidogo ya maabara isiyo na fosfeti, na mwishowe husuuzwa mara mbili au tatu kwa maji yaliyokenekwa. Kazi yote iishe kwa dakika chache. Jani likilowekwa muda mrefu, vitu vilivyo rahisi kuyeyuka, hasa potasi, huanza kutoka ndani yake. Majani yenye vinyweleo, kama ya mimea mingi ya vilima vya shaba, hushika vumbi kuliko majani laini, na huhitaji uangalifu zaidi.

Hata hivyo kuosha hakumalizi kila kitu. Punje ndogo sana hujikita katika nta ya jani na haziondoki. Kwa hiyo wataalamu hutumia shahidi, na shahidi huyo ni titani. Udongo una titani nyingi, mara nyingi maelfu ya miligramu kwa kilo, lakini mmea huinyonya kidogo mno. Ikiwa udongo una titani miligramu 4,000 na unga wa majani umeonyesha 40, ni dalili kwamba takriban asilimia moja ya unga huo ni udongo. Kwa kuwa asidi nitriki peke yake haiyeyushi titani yote, kipimo hiki hufanywa vizuri zaidi kwa miali ya eksi juu ya unga wenyewe.

Kwa anayechunguza chakula, jambo ni tofauti kidogo. Mpishi hana maji yaliyokenekwa. Anaosha sombe kwa maji ya kisima au ya bomba, kisha anaitwanga na kuipika kwa muda mrefu. Kuiosha kwa sabuni ya maabara ni kupima chakula ambacho hakuna anayekila. Maji ya kuoshea nayo yapimwe, kwani maji yenyewe yaweza kuleta metali.

5. Kukausha

Mboga mbichi ya majani ina maji asilimia 85 hadi 90. Maji hayo hubadilika saa kwa saa: jani lililochumwa alfajiri ni zito kuliko jani hilohilo baada ya kukaa sokoni. Ndiyo maana maabara huhesabu kwa uzito mkavu, usiobadilika.

Majani hupimwa kwanza yakiwa mabichi, kisha hutandazwa katika tanuri dogo la kukaushia lenye joto la digrii 60 hadi 80, kwa saa 48 hivi, mpaka uzito usipungue tena. Joto kubwa mno huunguza majani. Zebaki haifuati kanuni hii: huruka kwa urahisi, na sampuli yake hukaushwa chini ya digrii 40, au kwa kugandishwa na kuvutwa maji ikiwa bado barafu. Kukausha juani, juu ya bati la nyumba au kando ya barabara, kunaharibu kazi yote ya kuosha kwa sababu vumbi hurudi.

Uzito mbichi usitupwe, kwani sheria za chakula hutumia huo. Kanuni za kimataifa za Codex zinaweka mpaka wa miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimi katika kilo moja ya mboga mbichi za majani. Tuseme maabara imepata risasi miligramu 2 kwa kilo ya lengalenga kavu. Anayelinganisha 2 na 0.3 moja kwa moja atatoa hukumu ya kutisha. Lakini lengalenga hilo lilikuwa na maji asilimia 90. Kilo moja mbichi ina gramu 100 tu za ukavu, na risasi yake ni miligramu 0.2. Mboga iko chini ya mpaka. Kama maabara ingepata miligramu 4, risasi ingekuwa 0.4 kwa kilo mbichi, na mboga ingekuwa juu ya mpaka. Hivyo, asiyeandika kiasi cha maji hawezi kumjibu muuzaji wala mnunuzi.

6. Kusaga

Mizani hupima nusu gramu tu ya sampuli kwa ajili ya asidi. Nusu gramu hiyo lazima iwakilishe majani yote, pamoja na vikonyo na mishipa. Kwa hiyo majani makavu husagwa mpaka yawe unga laini, upitao katika chekecheo la nusu milimita, kisha huchanganywa vizuri.

Hapa ndipo kinu inapoweza kusaliti. Kinu ya mchanganyiko wa shaba na zinki humwaga metali hizohizo katika unga. Mashine ya kusagia yenye visu vya chuma huongeza chuma, kromi na nikeli. Chekecheo cha nyaya za shaba kina kosa lilelile. Kifaacho ni cha nailoni. Kinu ya akiki, jiwe gumu lisilo na metali nyingi, ndiyo inayopendelewa. Maabara isiyokuwa nayo yaweza kuyavunja majani makavu kwa mkono wenye glavu safi ndani ya mfuko wa plastiki, kisha kuyamalizia katika kinu ya kauri.

Utaratibu nao husaidia. Sampuli zinazodhaniwa kuwa safi husagwa kwanza, na zile za karibu na tanuri mwishoni. Kati ya sampuli mbili, kinu husafishwa, kisha kiasi kidogo cha sampuli inayofuata husagwa na kutupwa, ili kibebe mabaki ya iliyotangulia. Unga huhifadhiwa katika chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri. Kabla ya kupimwa kwenye mizani hukaushwa tena kwa muda mfupi, kwa sababu unga hunyonya unyevu wa hewa.

7. Kuyeyusha

Mashine nyingi za kupima metali hupokea maji, si unga. Basi ni lazima jani livunjwe mpaka metali zake zibaki katika maji safi. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuchoma. Unga huwekwa katika kikombe cha kauri, na joto hupandishwa polepole hadi digrii 450 au 500, mpaka libaki jivu jeupe au la kijivu, ambalo huyeyushwa katika asidi. Njia hii ni rahisi na haitumii asidi nyingi. Ila ina hasara: zebaki na aseniki huruka, na kadimi, risasi na zinki zaweza kupotea joto likizidi. Tena mchanga uliomo katika jani huweza kuzizuia metali nyingine zisitoke.

Njia ya pili ni asidi. Takriban nusu gramu ya unga huwekwa katika chombo, hutiwa asidi nitriki ya asilimia 65, mililita 5 hadi 8, na huachwa usiku mzima ili povu la kwanza litulie. Kisha huongezwa peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 30, mililita moja au mbili, na chombo hupashwa moto. Katika vyombo vilivyofungwa vya tanuri la mikrowevu, joto hufika digrii 180 hadi 200, na kazi huisha kwa dakika 20 hivi. Vyombo vilivyofungwa vina faida kubwa, kwani metali zirukazo hubaki ndani, na vumbi la nje haliingii. Penye vyombo vilivyo wazi, yapasa joto liwe la chini na muda uwe mrefu. Maji yaliyopatikana huwa angavu, na huongezwa maji safi sana mpaka mililita 25 au 50.

Asidi pakloriki hutajwa katika vitabu vingi vya zamani. Huvunja mafuta na nta ya jani kwa nguvu, lakini ikikutana na majani makavu bila asidi nitriki ya kutosha yaweza kulipuka. Haifai kutumiwa mahali pasipo na chumba cha hewa kilichojengwa kwa ajili yake. Kwa mboga nyingi, asidi nitriki na peroksidi zinatosha. Kwa vyovyote, kazi ya asidi hufanywa mahali penye mvuto wa hewa, kwa miwani na glavu, na siku zote asidi hutiwa katika maji, si maji katika asidi.

Chupa zote hulowekwa kabla katika asidi nitriki ya asilimia 10 usiku mzima, kisha husuuzwa kwa maji safi sana. Chupa iliyong'aa machoni yaweza bado kuwa na zinki ya kutosha kuharibu kipimo.

8. Mashahidi wa kipimo

Tarakimu peke yake haijithibitishi. Maabara yenye sifa huweka mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni chupa tupu, yaani chupa iliyopita hatua zote za asidi bila kutiwa unga. Chochote kilichomo ndani yake kimetoka kwenye asidi, maji, chombo au hewa. Tuseme mashine imeonyesha shaba miligramu 0.24 kwa lita katika sampuli, na 0.02 katika chupa tupu. Tofauti ni 0.22. Ikizidishwa kwa mililita 50 za maji na kugawanywa kwa nusu gramu ya unga, jibu ni miligramu 22 kwa kilo. Asiyetoa kiasi cha chupa tupu angeandika 24. Hapa kosa ni dogo; lakini katika risasi na kadimi, chupa tupu yaweza kukaribia sampuli yenyewe, na jibu likawa halina maana.

Shahidi wa pili ni marudio. Sampuli moja katika kila kumi hutayarishwa mara mbili tangu kwenye mizani. Majibu mawili yakitofautiana sana, unga haukuchanganywa, au mkono haukuwa thabiti.

Shahidi wa tatu ni unga wa majani ambao viwango vyake vinajulikana. Katika miaka ya 1960 H. J. M. Bowen, wa Uingereza, aliwagawia wenzake wa nchi mbalimbali unga wa mboga ya jamii ya kabichi, na ikadhihirika kwamba maabara nyingi hazikukubaliana juu ya kitu kilekile. Siku hizi taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, huuza unga wa majani ya mtofaa wenye shaba takriban miligramu 5.6 kwa kilo. Maabara ikiupima na kupata 3.9, karibu theluthi moja ya shaba imepotea njiani. Ikipata 9, kuna uchafu. Katika hali zote mbili, matokeo ya lengalenga yaliyopimwa siku hiyo hayafai kuchapishwa. Ikumbukwe tu kwamba unga huo ulisagwa na watu wengine. Unashuhudia kazi ya asidi na ya mashine, lakini hausemi lolote juu ya kuchuma, kuosha na kusaga. Hatua hizo hulindwa na uangalifu wa mtafiti na daftari lake.

9. Hitimisho

Mtu asomaye ripoti ya metali katika mboga ana haki ya kuuliza maswali machache. Je, ni sehemu gani ya mmea? Ilichumwa lini, na umbali gani kutoka barabarani au kwenye tanuri? Ilioshwa, na kwa maji gani? Tarakimu ni za uzito mkavu au mbichi, na maji yalikuwa asilimia ngapi? Ilisagwa kwa nini? Chupa tupu ilionyesha kiasi gani, na unga wa majani ujulikanao ulitoa jibu gani? Ripoti inayoyajibu yaweza kuaminiwa hata kama mashine ni ya zamani, na isiyoyajibu haiaminiki hata kama mashine ni ya bei kubwa.

Maswali hayo yote yaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili. Anayelima lengalenga kando ya tanuri, anayeliuza sokoni na anayelipima maabarani huzungumza lugha moja katika miji ya Katanga. Mtafiti akimweleza mkulima kwa nini anachukua majani na udongo, kwa nini anaosha fungu moja na kuliacha jingine, mkulima naye humweleza maji aliyomwagilia, mbolea aliyotia na upande utokako upepo. Mambo hayo hayamo katika mashine yoyote, na bila hayo tarakimu iliyopatikana kwa taabu yaweza kufasiriwa vibaya.